Kimya cha Redio Si Shwari ya Bahari



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya ununuzi wa redio ya VHF ya baharini, hasa kwa mtu anayeitegemea impatie taarifa za hali ya hewa akiwa chomboni. Nina neno moja la kusisitiza: redio isiposema kitu, haijasema kwamba bahari ni salama.

Redio nyingi za aina hii zina kitufe chenye herufi WX. Muuzaji humwonyesha mteja na kumwambia kuwa hicho ndicho cha hali ya hewa. Asemalo ni kweli, lakini si kwa pwani yetu. Kitufe hicho hufungua masafa ya megahezi 162.400 hadi 162.550, ambayo huko Marekani na Kanada hutumiwa na vituo vinavyotangaza hali ya hewa usiku na mchana. Aliyeko Kilwa, Mafia au Pemba akikibonyeza hapati utabiri wa bahari yake. Hupata mkwaruzo au kimya. Redio si mbovu. Hatari ni kwamba msafiri aweza kukidhania kimya hicho kuwa ni dalili ya shwari, akang'oa nanga wakati kusi imekwisha kuchafuka.

Basi taarifa hupatikanaje? Katika nchi nyingi, kituo cha pwani huviita vyombo vyote kwanza kwa chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ambayo ni chaneli ya kimataifa ya kuitana na kuomba msaada. Kisha hutaja chaneli nyingine ambako taarifa kamili itasomwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha zenu, ulizeni katika ofisi ya bandari iliyo karibu: ni kituo gani kinachosikika katika maji yetu? Je, kinasoma taarifa za hali ya hewa, na kama ndiyo, kwa chaneli gani, saa ngapi na kwa lugha gani? Majibu yaandikwe na kubandikwa kando ya redio.

Pili, msilipie wati peke yake. Redio ya kufungwa chomboni hurusha kwa nguvu isiyozidi wati 25. Ya mkononi, kwa kawaida wati 5 au 6. Nguvu hiyo humsaidia mtu asikike, haimsaidii asikie. Kinachosaidia kusikia ni antena nzuri iliyowekwa juu, kwa kuwa mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakinga. Antena iliyo mita 1 juu ya maji upeo wake ni kilomita 4 hivi. Ikipandishwa mlingotini hadi mita 4, upeo huwa kilomita 8. Umbali huo hujumlishwa na upeo wa mnara wa kituo, ambao ukiwa na kimo cha mita 100 hufikia kilomita 40 hivi.

Tatu, jifunzeni kutumia skwelchi, kile kirekebishi kinachonyamazisha mkwaruzo. Kikizidishwa, huinyamazisha pia sauti hafifu ya kituo cha mbali. Kizungusheni mpaka mkwaruzo ukome, kisha mwachie hapo hapo.

Dukani, dai kuijaribu redio nje ya jengo, dai stakabadhi, na uliza kama chaja na antena zimo katika bei. Kwa Tanzania, kumbukeni pia leseni ya redio ya chombo kutoka Mamlaka ya Mawasiliano.

Mwisho, redio haiondoi wajibu wa kuuliza kabla ya kuondoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa bahari, na maonyo yake hupanda kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Usikieni utabiri huo mkiwa bado nchi kavu, ndipo muamue kama safari ni ya leo au ya kesho. Mkiisha kuondoka, redio iwe wazi kwa chaneli 16 na betri iwe imejaa. Na ikinyamaza, tazameni mawingu na maji kama walivyofanya wazee wetu. Msikitafsiri kimya chake kuwa ni ruhusa ya kuendelea.