Foleni Ndani ya Mtambo

Mwalimu, tafadhali chora ubaoni milango 8 upande wa kushoto na milango 8 upande wa kulia. Katikati chora safu 3, kila safu njia panda 4. Kila njia panda huingiwa na njia 2, na hutoka njia 2.

Huo ni mfano wa mtambo ugawao ujumbe wa kompyuta. Ujumbe hukatwa vipande vidogo, kila kipande na anwani yake, nasi tutaviita barua. Barua huingia kushoto, ikapita njia panda 3, ikafika mlango wake. Kwa nini 3? Kila njia panda huchagua kati ya njia 2, na 2 mara 2 mara 2 ni 8. Penye njia panda pana kijumba cha kungojea, kwani barua mbili hazipiti njia moja kwa pamoja.

Barua zikitawanyika sawasawa, foleni huwa fupi. Lakini siku ya matokeo ya mtihani watu wengi hubisha mlango mmoja. Haya, tufanye hesabu. Kila mlango wa kushoto hutoa barua 2 kwa dakika, na moja kati ya hizo huenda mlango namba 1. Basi barua 8 zaja kwa dakika, na mlango hupitisha 2 tu. Kijumba cha mwisho chajaa. Kikijaa, njia panda 2 za nyuma yake hazina pa kupeleka, nazo zajaa. Kisha zajaa zote 4 za mwanzo.

Sasa mama mmoja ampelekea kaka yake habari za mtoto mgonjwa, kwa mlango namba 5. Mlango huo ni mtupu! Hata hivyo barua yake imekwama nyuma ya barua za mlango namba 1. Ni kama malori yatokayo Songea: pale Makambako yakisongamana yaendayo Iringa, lori la Mbeya nalo hungoja, maana barabara ya kufika pale ni moja.

Mtu atasema, tujenge vijumba vikubwa. Vitafaa kwa msongamano wa muda mfupi tu. Barua 6 zikibaki kila dakika, kijumba cha barua 60 hujaa kwa dakika 10. Cha barua 600, kwa dakika 100.

Mwaka 1985 Gregory Pfister na Alan Norton wa kampuni ya IBM, Marekani, walieleza kuziba huku katika kompyuta kubwa. Penye milango 1000, kila mmoja ukitoa barua 1, hata ikiwa 1 tu katika kila 100 yaelekea mlango uleule, hizo ni barua 10 kwa mlango upitishao 1.

Mimi napenda zaidi dawa ya kutenga foleni: kila mlango uendewao uwe na foleni yake, ili barua ya yule mama isingojee wengine. Tena wapelekao barua za mlango uliojaa waambiwe wapunguze mwendo.

Kabla ya somo lijalo, hesabuni: ikiwa barua 4 tu kwa dakika zaelekea mlango namba 1, kijumba cha barua 60 kitajaa baada ya dakika ngapi? Kwaherini.