Kupatana Si Kunyamazishwa



Sisi tunaofanya kazi Mchafukoge na Kariakoo twajua maana ya kupatana. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, hatimaye huafikiana. Lakini mfungwa aliyeteswa anapoishitaki serikali, kisha akaitwa kwenye mazungumzo ya suluhu, je, hapo napo kinachotafutwa ni bei tu?

Tutazame mfano wa jirani zetu wa Kenya. Wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwaweka maelfu ya watu kizuizini bila kuwahukumu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walipigwa hadi kufa. Wambugu Nyingi alinusurika kipigo hicho. Mwaka 2009 yeye na wazee wenzake waliishitaki serikali ya Uingereza mjini London. Serikali ilijitetea kwamba dhamana haikuwa yake, tena muda wa kushitaki ulikwisha kupita. Mwaka 2011 na 2012 mahakama iliamua kwamba hoja hizo hazitoshi kulizima shauri.

Ndipo suluhu ikapatikana. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya serikali yake. Wadai 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za shauri. Uingereza iligharimia pia mnara wa kumbukumbu, uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015. Hata hivyo, haikukubali kuwajibika kisheria.

Twajifunza mambo matatu. Kwanza, mnyonge husikilizwa mezani akiwa na ushahidi: mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijulikana wakati shauri likiendelea. Pili, fedha peke yake haimrudishii mtu heshima. Ukweli sharti utamkwe hadharani. Tatu, suluhu huwafaa waliomo tu, na kuchelewa huumiza. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua madai yao baadaye, na mwaka 2018 shauri lao likaanguka, kwa kuwa miaka mingi mno ilikuwa imepita.

Nasi hapa nchini, Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba yakataza mtu kuteswa, na Ibara ya 30(3) yamruhusu kudai haki yake Mahakama Kuu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aape kwamba ukiukwaji huo ulimgusa yeye binafsi.  Twaweza kumsaidia mfungwa aseme. Tumtembelee, tuandike tarehe na majina ya mashahidi, tutunze vyeti vya hospitali, tumtafutie wakili mapema. Naye akiletewa hati ya suluhu, asomewe yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Asiharakishwe kwa sababu ya njaa ya watoto wake, jumuiya iwalishe.

Bwana ametuasa katika Mathayo 5:25 tupatane na mshitaki wetu tungali njiani. Agizo hilo halimpi mwenye nguvu ruhusa ya kununua kimya cha mnyonge. Amani ya kweli huzaliwa na haki. Tuwakumbuke wafungwa kana kwamba sisi wenyewe tumefungwa pamoja nao.

Mungu awabariki.