Ukuaji wa Ubongo kwa Watoto na Vijana Wenye Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza katika mawasiliano, katika kuhusiana na watu na katika tabia za kurudiarudia, na makala hii inashikilia kwamba tofauti za ubongo zinazoambatana nayo haziwezi kueleweka bila kutaja umri wa mtoto. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali hiyo, alitaja kwamba watano walikuwa na vichwa vikubwa kiasi. Dokezo hilo lilikuja kupata uzito baada ya kuenea kwa kipimo cha MRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watoto wachanga wenye kaka au dada mwenye usonji. Kwa wale ambao baadaye walibainika kuwa na usonji, gamba la ubongo, yaani tabaka la nje lenye mikunjo, lilitanuka kwa kasi kati ya miezi 6 na 12, na katika mwaka wa pili ubongo mzima ukaongezeka kupita kawaida. Amigdala, sehemu ndogo inayohusika na hofu na hisia, nayo imeonekana kuwa kubwa zaidi utotoni, lakini kufikia ujana tofauti hiyo haikuonekana tena.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hizi huenda kiko kwenye sinapsi, yaani viungio ambavyo chembe za neva hupitishia ujumbe. Mtoto huzaliwa na kuendelea kuota viungio vingi kuliko atakavyovihitaji, kisha ubongo huvipunguza, kama mkulima anavyopogoa mibuni ili matawi yaliyobaki yazae vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2014, kwa kuchunguza ubongo wa watoto na vijana waliofariki, kwamba kufikia mwisho wa utoto viungio hivyo vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu kwa wasio na usonji, na kwa takriban asilimia 16 tu kwa wenye usonji. Wingi huo unaweza kusaidia kueleza kwa nini sauti au mwanga wa kawaida humlemea mtoto.

Takwimu hizi, hata hivyo, ni wastani wa makundi. Wapo watoto wengi wenye usonji ambao ubongo wao una ukubwa wa kawaida, na hakuna picha ya MRI inayoweza peke yake kuthibitisha usonji. Linalothibitika ni kwamba mabadiliko huanza mapema mno kiasi kwamba kumlaumu mama kwa malezi yake, au kuitafuta laana katika ukoo, ni kumwonea. Utambuzi hufanywa kwa kuangalia tabia, kazi isiyohitaji mashine ya gharama. Kwa hiyo wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, wanapopima uzito na kujaza kadi, wamwulize pia mzazi kama mtoto wa mwaka mmoja anaitikia jina lake, na asiyeitikia apewe rufaa bila kungojea akue.