KARATASI ZETU KABLA HAZIJAFIKA KWA MPIGA CHAPA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Malaba)



Mnazikumbuka zile karatasi 500 tulizowagawia madereva na wapakiaji kwenye foleni ya malori. Zilipendeza kwa rangi, lakini saa ya mkutano haikuonekana. Niliiandika chini kabisa, na kisu cha kukatia karatasi kikaipitia. Wengi walifika mkutano umekwisha, na fedha zilizopotea ni michango yenu. Mpiga chapa simlaumu, alichapa alichopewa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeitengeneza, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Hatuna haja ya kununua programu za bei kubwa, wala kutumia za wizi. Ziko tatu zisizolipiwa: GIMP kwa picha za kamera, Inkscape kwa nembo na mabango, na Scribus kwa kupanga ukurasa mzima. Leseni zake zaruhusu mtu kumnakilia mwenzake, basi mwanachama mmoja akizipata, tawi zima limezipata.

Sasa habari ya kisu. Karatasi yetu ya A5 ina upana wa milimita 148 na urefu wa 210. Kisu hupotoka kidogo. Kwa hiyo katika Scribus fungua ukurasa wa kipimo hicho, kisha ongeza milimita 3 kila upande, na rangi ya nyuma ifike mpaka huko. Maneno nayo yarudi ndani, milimita 5 au zaidi kutoka ukingoni. Hasa saa, mahali na namba ya simu!

Kuhusu picha, kioo cha simu hutudanganya. Chapa nzuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa nukta 900 inatosha inchi 3 tu, yaani kama nusu ya upana wa karatasi yetu. Ukiivuta ijaze ukurasa, uso wa katibu utatoka kama ulionyeshewa mvua. Kuongeza nukta ndani ya GIMP hakusaidii, kwani programu haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona. Nembo ni jambo jingine. Ikichorwa katika Inkscape hushikwa kwa mistari ya hesabu, na ile ile ya kadi ya uanachama hukuzwa mpaka bango la maandamano bila kuharibika.

Tena rangi. Kioo huangaza kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, lakini mashine huchapa kwa wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Ndiyo maana wekundu unaowaka kwenye kompyuta hutoka umefifia. Scribus hutoa PDF ya wino hizo nne, yenye herufi zake ndani, zisije zikabadilika sura kwenye kompyuta ya mwingine. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu, kila herufi huota kivuli cha rangi. (Gazeti letu hili halina taabu hiyo, lina wino mmoja!)

Ndugu, kazi hii si ngeni kwa vyama. Makhan Singh, aliyekuwa katibu wa Labour Trade Union of Kenya tangu mwaka 1935, alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake huko Nairobi. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1950 na kumzuia mpaka 1961. Sisi hatuna kiwanda, lakini kazi inayotangulia mashine tunaweza kuishika wenyewe.

Kabla ya kuagiza 500, lipeni moja ya majaribio. Ikatwe kwa kisu kile kile, na asomewe mtu asiyeiandika.

Jumamosi nitakuwa hapa na kompyuta, tutengeneze karatasi ya mkutano ujao. Mwenye picha asiitume kwa WhatsApp kama picha, maana hupunguzwa nukta. Aitume kama dokumenti, au aje na simu yake.