MAZUNGUMZO YA AFYA: LEHEMU KWA MGONJWA WA MOYO MWENYE KISUKARI



Hutokea wagonjwa wawili wa moyo wakapimwa damu siku moja, mmoja ana kisukari na mwenziwe hana. Majibu ya lehemu, yaani kolesteroli, yakawa sawa. Mwenye kisukari hurejea nyumbani akidhani kuwa hatari yao ni moja. Dhana hiyo si sahihi, na yaweza kumwondolea mtu uhai.

Lehemu mbaya, iitwayo LDL, hujikusanya katika kuta za mishipa ya moyo na kuifanya iwe myembamba. Lehemu nzuri, HDL, hurejeshwa kwenye ini. Kwa mwenye kisukari cha ukubwani, mara nyingi LDL haizidi ya watu wengine, lakini chembe zake huwa ndogo na nzito zaidi. HDL hupungua, na mafuta mengine ya damu, yaani trigliseridi, huongezeka. Kwa hiyo jumla ya lehemu pekee haitoshi kumpa matumaini.

Tiba ipo. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa dawa ya simvastatini, uliofanywa katika nchi tano za Ulaya ya Kaskazini kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Miongoni mwao 202 walikuwa na kisukari. Uchambuzi wa mwaka 1997 ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza mashambulizi makubwa ya moyo kwa asilimia 32 kwa wasio na kisukari, na kwa asilimia 55 kwa wenye nacho. Tangu mwaka 2007 simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo, wagonjwa wa moyo wenye kisukari wanakumbushwa:

(i) Kumwomba daktari awaeleze LDL, HDL na trigliseridi, si jumla tu.

(ii) Kutoacha dawa majibu yanapokuwa mazuri, kwani uzuri huo umeletwa na dawa yenyewe.

(iii) Kumwona daktari kabla ya Ramadhani ili apange nyakati za dawa.

(iv) Kupunguza samli, tui zito na vyakula vya kukaanga, na kuacha sigara.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.