Kamera ya Nyuma Kwenye Trela: Ifungwe Vipi Ili Isikudanganye

(Maelezo ya fundi wa umeme wa magari kutoka karakana ya kaunti, aliyoyatoa kwa wenye trela na madereva siku ya mafunzo ya usalama barabarani.)

Sogeeni karibu, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kamera za nyuma kwenye trela, hasa trela za kambi, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu zenye kitanda na jiko. Zamani tulizoea kuziona zikipita na wageni kuelekea Samburu na Turkana. Siku hizi hata jirani yako anaweza kuwa nayo, na wapo wanaozikodisha. Lakini mwenye boza la maji, mwenye trela ya ng'ombe au ya nyasi, naomba asiondoke. Waya ni zile zile na hatari ni ile ile.

Trela ya kambi ni ukuta. Ukitazama kioo cha ndani unaona ukuta. Vioo vya pembeni vinakuonyesha mbavu zake tu. Kilicho nyuma yake hukioni kabisa, na sisi sote tunajua kinachotokea trela kama hiyo ikisimama sokoni: watoto wanakuja kuitazama, wanaizunguka, mwingine anaketi kivulini mwake. Kule Marekani kuna sheria inayobeba jina la mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, aliyegongwa mwaka 2002 na gari la babake lilipokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Kutokana na sheria hiyo, tangu Mei 2018 magari madogo mapya yanayouzwa huko lazima yawe na kamera ya nyuma. Trela hazimo kwenye sharti hilo. Na hata kama gari lako lilikuja na kamera, ukishafunga trela inakuonyesha uso wa trela, basi. Itakusaidia kulenga ndoano wakati wa kuunganisha. Zaidi ya hapo ni picha ya bati.

Sasa tuingie kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi wengi hudhani kamera ya trela inafungwa kama ya gari: unatafuta waya wa taa ya rivasi, unaunganisha, umemaliza. Soketi ya trela ya matundu 7, ile ya mviringo tunayoiona kila siku, kwa mpango wake wa kawaida haina waya wa rivasi. Ina indiketa mbili, taa za nyuma za kushoto na kulia, breki, taa ya ukungu na athi. Hesabu utapata saba. Kwa hiyo fundi akikosa waya wa rivasi, anachukua umeme wa taa za nyuma. Matokeo yake kamera inafanya kazi usiku, na mchana ni lazima uwashe taa ndipo uone. Dereva akisahau, skrini ni nyeusi. Wengine huchukua tundu la ukungu na kulifanya la rivasi. Hilo linaweza kukubali kwenye gari lako, lakini siku trela itakapovutwa na gari la mtu mwingine, umeme hautafika mahali ulipoutarajia. Soketi ya matundu 13 ina tundu la rivasi, nambari 8, lakini pima kwanza kwa mita uone kama upande wa gari uliunganishwa kweli.

Mimi napendekeza njia nyingine. Tumia kebo moja maalumu inayobeba umeme na picha pamoja, yenye kiunganishi cha pini 4 kinachofungwa kwa kuzungushwa. Umeme unatoka kwenye skrini iliyo mbele ya dereva, unapita kwenye kebo hadi kwenye kamera, na taa za trela hazihusiki hata kidogo. Skrini iunganishwe na umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5. Waya wake mwembamba wa kuamsha picha uende kwenye taa ya rivasi ya gari lenyewe. Kabla ya yote soma kibandiko: magari madogo ni volti 12, malori mengi ni 24, na si kila kamera inakubali zote mbili.

Pale kati ya gari na trela, kebo ilegee kiasi cha kuruhusu kona kali, lakini isiguse lami. Usiizungushe kwenye mnyororo wa usalama, itasagwa. Kila inapopita kwenye tundu la bati weka mpira, maana bati hukata waya polepole na utatafuta hitilafu hiyo wiki nzima.

Kuna wanaoniambia, "Fundi, mimi nimenunua ya bila waya." Sawa, lakini kinachokosekana ni waya wa picha peke yake. Kamera bado inataka umeme kule nyuma, kwa hiyo hadithi ya soketi inarudi pale pale. Tena zile za bei ya chini hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, sawa na Wi-Fi nyingi, nayo mabati ya trela yanayazuia. Picha ikipotea, angalau unajua. Ninayoiogopa ni picha inayoganda: unaona uwanja mtupu, kumbe ni uwanja wa sekunde chache zilizopita. Kwa trela ndefu nunua yenye waya. Haina fahari, lakini inakuonyesha kilichopo sasa.

Mahali pa kuifunga ni juu, katikati, ikiinamishwa hadi ukingo wa chini wa trela uonekane kidogo kwenye sehemu ya chini ya skrini. Usipouona ukingo huo, kuna ardhi nyuma ya trela ambayo huioni, na ndiko mtoto anakoketi. Kabla ya kutoboa ukuta wa trela ya kambi, jua kilichomo ndani. Mnaweza kukuta waya, mfereji wa maji, hata paipu ya gesi ya jiko. Ukishatoboa, ziba kwa silikoni. Maji yakiingia kwenye mbao za ndani yataoza ukuta mzima. Tafuta kamera yenye alama ya IP67 au IP69K. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, nasi wa barabara za murram tunajua trela huvuta vumbi na kulibandika mgongoni mwake. Kioo cha nje hakisalimiki hata hivyo. Kipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kurudi nyuma, hasa usiku, kwani taa za infraredi za kamera zikigonga vumbi skrini yote inakuwa nyeupe.

Jambo jingine ni kushoto na kulia. Kamera ya nyuma inapaswa kupindua picha kama kioo, ili kilicho kushoto kwako kiwe kushoto mwa skrini. Kamera nyingi zina kijiwaya kilichokunjwa ambacho ukikikata picha inageuka, na skrini nyingi nazo zina mpangilio wake wa kugeuza. Zikigeuza zote mbili, umerudi ulikotoka. Mwambie mtu asimame nyuma upande wa kushoto, utazame. Ile mistari ya kijani, manjano na nyekundu imepimiwa gari, haijui urefu wa trela yako. Mimi huizima.

Dereva, kamera inatazama nyuma tu. Haioni pua ya gari lako inavyotupwa pembeni trela inapokunja, wala tawi la mti juu ya paa. Shusha kioo cha dirisha, mweke utingo mahali unapomwona, na akipotea machoni simama. Kama usukani unakuchanganya, ushike kwa chini: unakopeleka mkono ndiko trela itakakokwenda.

Hapo mwanzo mama mmoja aliuliza kama namba ya trela inaweza kufichwa na kamera au taa yake. Hapana, mama. Ile namba inayoanza na Z ionekane yote, mchana na usiku.

Jaribio la mwisho tutalifanya pamoja. Tunachukua mtungi wa lita 20, tunauweka chini, ukigusana na trela, kisha tunauhamisha kushoto, katikati, kulia. Aliyeketi kwenye usukani aseme anauona au hauoni, bila kusaidiwa. Popote atakaponyamaza, kamera itainamishwa tena. Trela iko pale nje chini ya mti, kamera nimeifunga kwa skrubu mbili tu ili tuirekebishe. Nani atabeba mtungi?