Fighi, Chemchemi na Hati za Ardhi: Urithi na Kilimo katika Milima ya Taita
Mada ya semina ya wazee na wakulima, Voi



Niliombwa nizungumzie urithi na kilimo cha milimani. Maana ya urithi na maana ya hifadhi ya udongo zimeelezwa hapa mara nyingi, kwa hiyo sitazirudia. Itoshe kukumbushana kwamba Dabida, Mbololo, Sagalla na Kasigau ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, kwamba kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, na kwamba mto Voi unaoteremka hadi bwawa la Aruba unaanzia huko juu. Mboga za Wundanyi zinazopelekwa Mombasa zinayategemea maji ya milima hiyohiyo.

Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo limepita katika ofisi nyingi bila kupata jibu: fighi zetu zimo ndani ya hati za watu binafsi.

Kwa vijana waliomo humu, fighi ni msitu mdogo mtakatifu ambamo wazee walizika dawa za kuilinda nchi na kufanya matambiko. Shoka halikuingia. Kwa kuwa halikuingia, udongo ulibaki, mvua ikazama ardhini, na chemchemi za chini yake zikaendelea kutoka hata wakati wa kiangazi. Mzee aliyekataza kukata mti pale alikuwa akilinda mahindi ya bondeni, hata kama hakueleza hivyo.

Kisha wakaja wapimaji. Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi (Land Adjudication Act) ya 1968, kila kipande kilihitaji mtu wa kusimama mpakani na kusema ni chake. Nani angesimama kwa ajili ya fighi? Ilikuwa ya wote, kwa hiyo iliandikwa kwa jirani aliyekuwapo siku hiyo. Na sheria ya usajili ya wakati ule ilisema usajili wa kwanza haurekebishwi na mahakama, hata ukipatikana kwa udanganyifu. Mlango ulifungwa kwa zaidi ya miaka 40.

Leo mjukuu wa yule jirani ana karo ya kulipa. Anakata mikuyu, anapanda mikalitusi, anauza nguzo. Simlaumu, maana hati ni yake na mtoto ni wake. Lakini mkalitusi kando ya chemchemi hunywa maji mchana kutwa, na wanawake wa chini ya kilima ndio wanaoongezewa safari ya kwenda kuteka. Ukienda ofisi moja unaambiwa hilo ni suala la utamaduni. Ya utamaduni inasema ni la misitu. Ya misitu inasema ardhi ni ya mtu binafsi. Inachosha, Mwenyekiti, na wakati huo miti inaanguka.

Kwingine mambo hayakwenda hivyo: wenzetu wa Guatemala wana milima kama hii, na mahindi, maharage na parachichi tunazopanda zilitoka pande hizo za dunia. Kule Totonicapán, Wamaya wa jamii ya K'iche' wana msitu wa jumuiya wa hekta zipatazo 21,000, unaosimamiwa na viongozi wao wa vijiji 48. Viongozi hao hutumikia kwa zamu bila mshahara, na msitu huo unalindwa kwa sababu ndio chanzo cha maji yao. Msitu haukugawanywa vipande, na hapo ndipo wametuzidi.

Naomba nieleweke: haya ni maoni ya kitaalamu, si msimamo wa idara yangu, na sisemi kwamba hati ya mtu yeyote ni batili. Ila mlango sasa umefunguka kidogo. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 inataja mahali patakatifu pa jamii kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua amana za kimila, yaani ardhi ambayo mwenye hati anaishikilia kwa niaba ya wengine, hata zisipoandikwa katika hati, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo katika kesi ya ardhi iliyotoka Meru.

Kwa hiyo napendekeza kila lokesheni iorodheshe fighi zake, pamoja na mapango ambamo mafuvu ya wahenga yaliwekwa, wazee wakionyesha mipaka na vijana wakiichora. Orodha hiyo ipelekwe Makavazi ya Kitaifa, kwani kaya za Wamijikenda, ambazo nazo ni misitu mitakatifu, zilianza kutangazwa rasmi mwaka 1992 na zikaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008. Fighi zinastahili heshima hiyo. Tuzungumze kwanza na mwenye hati, kwa adabu, kabla ya kwenda kwa wakili. Akikubali kuiachia jamii fighi, kaunti imfidie kwa miche ya makadamia na parachichi. Mikalitusi iliyo kando ya chemchemi iondolewe kwa awamu, na miti ya asili irudishwe. Asipokubali, ndipo amana ya kimila idaiwe mahakamani. Maafisa wa kilimo, misitu na utamaduni wakae meza moja, ili mwananchi asizungushwe. Narudia hilo la orodha, kwa kuwa bila orodha hakuna mahakama wala makavazi yatakayotusikiliza, na wazee wanaojua mipaka wanapungua. Machifu waliopo hapa wanaweza kuianza kabla ya mvua za Novemba; kinachohitajika ni daftari, mzee mmoja wa kila ukoo, na simu yenye ramani.